Miaka miwili kati ya elfu: jinsi njia ya gimba la mbali inavyokadiriwa

Januari 2018, darubini ya Subaru iliyoko kwenye kilele cha Mauna Kea, Hawaii, ilinasa nukta hafifu iliyosogea kidogo mno kati ya nyota. Scott Sheppard, David Tholen na Chad Trujillo walitambua kwamba gimba hilo la angani liko mbali sana. Lakini linapita njia gani? Jibu lilichukua miaka mitatu. Leo linaitwa 2018 AG37, kwa jina la utani Farfarout.

Umbali na njia ni maswali mawili, na watu wengi huyachanganya.

Umbali hujulikana mapema. Ukisafiri kwa basi, nguzo za umeme kando ya barabara hukimbilia nyuma, ilhali mlima wa mbali ni kama umesimama. Basi letu ni Dunia, inayokwenda kilomita 30 hivi kila sekunde. Kwa hiyo gimba la mbali linapoonekana kuhama ndani ya siku mbili tatu, mwendo huo karibu wote ni wetu. Kadiri linavyohama polepole ndivyo lilivyo mbali. Farfarout, lililo mbali mara 132 ya umbali wa Dunia na Jua, huhama takriban sehemu moja ya 3,600 ya digrii kwa saa.

Njia ni shughuli nyingine kabisa. Kuieleza kunahitaji namba sita: ukubwa wa mzingo (yaani njia hiyo ya kulizunguka Jua), ulivyorefuka, ulivyoinama, unavyoelekea (namba mbili), na mahali gimba lilipo juu yake. Kila kipimo cha angani hutoa namba mbili, kwa hiyo kwenye karatasi vipimo vitatu vinatosha. Mwaka 1801 mwanaastronomia Giuseppe Piazzi wa Palermo, Italia, alilifuatilia gimba la Ceres kwa siku 41 tu kabla halijapotelea kwenye mwanga wa Jua. Carl Friedrich Gauss, mwanahisabati kijana wa miaka 24, alipiga hesabu, na mwisho wa mwaka likaonekana tena karibu na pale alipoelekeza. Ila Ceres hulizunguka Jua kwa miaka 4.6; siku 41 zilitosha kuonyesha njia inavyopinda.

Farfarout halitupi nafasi hiyo. Kipande chake cha miaka miwili ni kama uzi uliovutwa, na duaradufu nyingi zinaweza kupita humo humo. Februari 2019 umbali wake ulitajwa kuwa mara 140. Darubini za Gemini na Magellan zilipoongeza vipimo, Februari 2021 ikatangazwa 132, na mzingo unaoanzia 27 hadi 175, yaani huingia ndani ya njia ya Neptuni, iliyo kwenye 30. Mzunguko mmoja huchukua miaka elfu hivi. Hiyo "hivi" msiipite haraka. Ukisikia gimba jipya la mbali limetangazwa, uliza kwanza limefuatiliwa kwa muda gani.

Muda huo wakati mwingine hupatikana nyuma yetu. Sedna, gimba jingine la mbali, iligunduliwa Novemba 2003, nayo huchukua miaka kama 11,000 kuzunguka mara moja. Kungoja kusingesaidia. Watafiti walirudi kwenye picha za zamani na kuikuta humo, hata katika picha ya mwaka 1990, nukta ambayo hakuna aliyeitilia maanani. Miaka 13 ya njia ilikuwa imelala kwenye kumbukumbu, na kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutotupa picha yoyote ya anga, hata ile inayoonekana haina kitu.