Je, wajua kwa nini mtu anaenda yadi ya magari kununua Toyota IST, kile kigari kidogo, moyo unaangukia Harrier, Toyota kubwa ya juu?

Nilimsindikiza kaka yangu yadi hapa Dar, bajeti ya IST, tumeshakubaliana toka nyumbani, safari zake ni Mbagala na Posta basi. Kufika tu kaona Harrier nyeusi, kaingia, kashika usukani, kavuta mlango ukajifunga dup, mzito ule, nikajua IST imeshasahaulika. Kuanzia hapo sababu zote alizonipa zilikuja nyuma ya uamuzi, eti iko juu mvua ikinyesha, eti Desemba mizigo ya kijijini itaenea, halafu eti namba E.

Hiyo namba E inawachanganya wengi sana. Ile herufi ya kwanza kati ya tatu za mwisho kwenye namba ya usajili inaonyesha gari imesajiliwa lini Tanzania, sio imetengenezwa lini! Harrier ya 2005 ikishushwa bandarini juzi inapewa E, IST ya mwaka huohuo iliyoingia mapema ina D, na watu wanaiona ya D ndo kuukuu.

Sasa kwa nini moyo unawahi? Kwa sababu raha ya gari unaipata palepale, macho yanaona, pua inanusa dashibodi iliyopigwa polishi, ila gharama zinakuja kidogokidogo, leo wese, mwezi ujao tairi, na yadi hakuna anayekutajia. IST za umri huo zina injini ya cc 1300 au 1500, Harrier zinaanzia 2400, hiyo tofauti utakutana nayo sheli kila wiki.

Ila hisia sio adui jamani. Mtaalamu wa ubongo Antonio Damasio alieleza habari za mgonjwa aliyemwita Elliot, alitolewa uvimbe kwenye ubongo, akili ya hesabu ikabaki nzima lakini hisia zikafifia, na akawa anashindwa kuamua hata vitu vidogo kabisa. Kwa hiyo piga hesabu nyumbani, andika gari tatu unazozimudu, hapo ndo uuachie moyo uchague kati ya hizo.

Na kabla hujakaa kwenye siti gusa boneti. Ya kwetu ilikuwa ya moto, maana yake walishaiwasha kabla hatujafika, nikamwomba kaka turudi kesho alfajiri. Tukaikuta ya baridi, ikawashwa mbele yetu, ikatoa moshi wa bluu mpaka ukutani, injini inakula oili hiyo. Kaka alinyamaza kidogo, akauliza IST ziko upande gani.