Mfereji wa boti bila loki, na kwa nini Mbeya tusahau

Mimi kazi yangu ni mifereji ya umwagiliaji, skimu za mpunga huko Mbarali, na watu wakishajua hivyo hawakosi kuniuliza mbona serikali isichimbe mfereji boti zitoke ziwa Nyasa zije mpaka Mbeya mjini. Ngoja nitumie mfano wa Slough, mji ulioko magharibi ya London, maana pale walifanya kweli.

Mwaka 1882 walifungua tawi la mfereji, kama kilomita 8 tu, kutoka mjini mpaka kuungana na mfereji mkubwa ambao leo unaitwa Grand Union. Mzigo mkubwa ulikuwa matofali, matishari yanapakia yanaenda zake. Sasa njia nzima hakuna loki hata moja, yaani kile chumba chenye mageti mbele na nyuma, boti ikiingia unajaza maji inapanda au unayafungulia inashuka. Jamaa walishika leveli moja mwanzo mwisho, wakikuta mto kama Colne wanajenga daraja, mfereji unapita juu mto unapita chini.

Faida yake ni maji. Loki hata ile nyembamba, boti ikipita tu lita laki moja na zaidi zimeshuka chini, mwambie mkulima wa Usangu hivyo mwezi wa kumi uone atakavyokuangalia.

Ila leveli sifuri nayo ina shida zake. Sisi wa umwagiliaji tunatafuta mteremko kidogo, tuseme sentimita 5 kwa kila mita 100, ili maji yatoke kwenye banio, yaani pale tunapoyachepusha kutoka mtoni, yafike shamba la mwisho, ukizidisha yanakula kingo, ukipunguza mno mchanga unatulia humohumo na msimu ukianza wanachama wote wako mferejini na makoleo. Mfereji wa boti maji yake karibu yamelala, kwa hiyo tope na magugu yanajikusanyia taratibu, usipochota unafukiwa. Slough mizigo iliisha 1960, ikabaki kidogo wafunge kabisa, wananchi wakapigania mpaka ukafunguliwa tena 1975.

Haya, Mbeya. Ziwa liko kama mita 475 juu ya bahari, mjini kwetu kama 1,700, gawanya hiyo tofauti kwa loki za mita tatu tatu unapata mia nne na ushee. Sahau.

Kyela, kule kando ya ziwa, ndo kuna hoja, maana ni tambarare. Lakini bila loki mfereji unakuwa na usawa wa ziwa, ziwa likishuka mita moja na nyie mmeshuka mita moja, hamna geti la kujikinga. Na Nyasa linashuka kweli, kati ya 1915 na 1935 lilikuwa chini mpaka likaacha kumwaga maji mto Shire. Halafu kuna mchanga unaoletwa na mito ya milima ya Rungwe, waulizeni watu wa bandari ya Itungi. Mimi ningepewa hela ya kuchimba mfereji wa Kyela, ningeanza na mtambo wa kuchota mchanga kabla hata sijakodi eskaveta.