Nusu ya tezi ya thairoidi ikibaki, skani ya iodini haina la kukuonyesha

"Daktari, niandikie skani ya iodini ya mwili mzima nijue kama saratani imeisha." Anayeomba katolewa upande mmoja tu wa thairoidi, tezi ya shingoni, ushauri kapewa na jirani aliyetolewa tezi yote.

Upande uliobaki ni tezi hai, nayo hufyonza iodini kwa pupa. Dozi ya kipimo, yaani iodini yenye mionzi, huishia humo, na picha hutoka na doa moja linalong'aa shingoni. Seli za saratani hufyonza iodini kidogo mno kuliko seli za kawaida, na ili zionekane TSH (homoni ya ubongo inayoichochea tezi) inatakiwa ipande kupita 30. Ukiwa na nusu ya tezi, hata ukiacha vidonge vya homoni ya tezi, kwa kawaida haifiki huko. Kwa hiyo umelipia picha ya tezi isiyo na tatizo.

Kipimo chako ni ultrasound ya shingo. Ya kwanza ifanyike miezi 6 hadi 12 baada ya upasuaji. Kabla ya miezi 3, uvimbe wa jeraha na nyuzi hupotosha picha. Ripoti itaje upande uliobaki, mahali palipotolewa tezi, na tezi za limfu za pande zote mbili, kanda ya II hadi ya VI (maeneo ya shingo yaliyopewa namba). Ripoti ya mistari miwili inayosema "shingo iko sawa" irudishe kwa aliyeiandika. Na tafadhali, njoo na picha za zamani, si karatasi za ripoti peke yake: bila hizo nitajuaje kama kitu kimekua?

Tezi ya limfu yenye chembe za chokaa, maji ndani, au damu inayopita pembezoni inatia shaka. Huchomwa sindano ya kuchukua sampuli kipenyo chake kifupi kikifika milimita 8 hadi 10. Iliyo ndogo zaidi kwa kawaida hufuatiliwa tu.

"Thairoglobulini yangu si sifuri, saratani imerudi!" Hiyo ni protini ya tezi kwenye damu; haiwezi kuwa sifuri, nusu iliyobaki inaitengeneza. Tunachotazama ni mwenendo wake, TSH ikiwa ileile, na kingamwili dhidi ya thairoglobulini zipimwe kwenye sampuli hiyohiyo, maana zikiwepo namba haiaminiki.

"Kimeota kinundu upande wa pili, ni saratani." Vinundu vingi si saratani. Ukubwa na sura yake ndivyo vinavyoamua sindano.

"PET ndiyo kiboko." Hiyo ni skani ya mwili inayotumia sukari yenye mionzi; msichangishane harambee kwa hilo. Hutumika hasa kwa aliyetolewa tezi yote, thairoglobulini ikipanda huku skani ya iodini haionyeshi kitu. Kwako, uvimbe unaoletwa na kingamwili zikiishambulia nusu iliyobaki unaweza kuiwasha picha na kukutia hofu ya bure.

"CT kila mwaka haina madhara." Ni eksirei ya tabaka kwa tabaka, ina mionzi, na dawa inayodungwa mshipani ili picha ionekane vizuri imejaa iodini. Ikitokea baadaye ukatolewa nusu ya pili na kuhitaji tiba ya iodini yenye mionzi, tiba hiyo itasubiri wiki 6 hadi 8 iodini ya CT itoke mwilini.