SOTUS S na neno moja lililonisumbua sizoni nzima

Kazi yangu ni manukuu, yani yale maandishi ya Kiswahili yanayopita chini ya kioo ukiangalia tamthilia ya nje, na kwenye za Kithai neno linalonitoa jasho kuliko yote sio tusi wala maneno ya mahaba, ni phi. Silabi moja tu. Maana yake kaka au dada aliyekutangulia, na mwenzake ni nong, mdogo. Mthai anakuita phi hata kama mmekutana sasa hivi kwenye kibanda cha supu, kama sisi tunavyomwita mtu kaka, anko, anti wakati hata kwao hatupajui. Sasa utaniambia si uandike "kaka" yaishe. Ngoja kwanza.

SOTUS ni tamthilia ya Kithai ya mapenzi ya wanafunzi wawili wa kiume, na sizoni ya kwanza ilitengenezwa na kampuni ya GMMTV ikaruka kwenye chaneli ya One31 kuanzia Agosti 2016 mpaka Januari 2017. Jina lenyewe ni herufi za maneno matano ya Kiingereza: ukubwa, utaratibu, mila, umoja na ari, na huo ndo mfumo wa rap nong, kupokea wadogo, kwenye vyuo vya kule. Ukisoma bweni Tanzania ukaitwa njuka huhitaji kuelezwa zaidi. Arthit (anaigizwa na Krist) yuko mwaka wa tatu uhandisi na ndo mkuu wa wale wanaoitwa phi wak, wakubwa wa kufoka, na Kongpob (anaigizwa na Singto) ni mwaka wa kwanza, hana hata jina mbele yao, ni namba 0062. Kijana anabisha mbele za watu, anaadhibiwa, anabisha tena, na wanaishia kubusiana kwenye daraja la Rama VIII. Humo "kaka Arthit" inapita vizuri tu, manake phi ya Kongpob mwanzoni ni ya mtu anayelazimishwa heshima.

Shida ilinikuta kwenye mwendelezo, SOTUS S, episodi 13, Desemba 2017 mpaka Machi 2018. Watu wengi waliiona imepoa, hakuna kufokeana uwanjani kama zamani, lakini mimi naipenda kuliko ya kwanza na nitasema kwa nini. Wameichukua ile ngazi ya ukubwa wakaihamishia ofisini. Arthit kamaliza chuo, kaajiriwa Ocean Electric, kitengo cha manunuzi, na siku ya kwanza tu yule mkuu aliyekuwa anatetemesha uwanja mzima anageuka nong wa kila mtu, kila anayemsemesha ni phi fulani, phi fulani, na mabega yake yenyewe yameshuka. Upande wa pili Kongpob sasa yuko mwaka wa tatu na kiti cha mkuu wa kufoka ni chake. Halafu anaenda fildi (Kenya mngesema atachi) na anaiangukia kampuni ileile. Mahusiano yao ofisini ni siri, na Arthit ndo anayeogopa zaidi.

Sasa sikiliza hapo. Mwanafunzi wa fildi kumwita mfanyakazi phi ni adabu ya kawaida kabisa, hakuna atakayegeuza shingo. Lakini Kithai hichohicho, phi ndo neno ambalo mtu anamwitia mpenzi wake aliyemzidi umri, mke anamwita mume hivyo miaka na miaka. Kwa hiyo Kongpob akisema "phi Arthit" kwenye korido, wenzake wanasikia heshima ya kazini na Arthit peke yake anasikia la jana usiku. Siri yao imekaa hadharani ndani ya neno ambalo kila mtu analitumia! Hakuna sura iliyobadilishwa, hakuna sauti ya kunong'ona, neno ni lilelile. Mwandishi wa hadithi hakuhitaji kuongeza kitu, lugha yao imemfanyia kazi yote.

Na Kiswahili hapo kinagoma, manake kwetu "kaka" inaweka ukuta. Ukimwita mtu kaka angu umeshamwambia hakuna kitu hapa. "Braza" nayo ni ya kijiweni.

Kuna mahali lakini Kiswahili kinamshinda Mwingereza mbali. Kithai kinaweza kumzungumzia mpenzi wa mtu sentensi nzima bila kusema ni wa kike au wa kiume, na manukuu ya Kiingereza yanalazimika kuchagua. Sisi tunaandika "anakupenda?", "yupo wapi siku hizi?" na siri inabaki palepale ilipo. Ndo maana nawaomba wanaotafsiri kupitia Kiingereza warudi kwenye sauti ya Kithai, hata kama unajua maneno hamsini tu.

Mara ya kwanza ile phi niliigawa: ofisini nikaandika "kaka Arthit", chumbani nikaandika "mpenzi". Nilijiona nimemaliza. Nikamwekea mdogo wangu aangalie, hajui Kithai hata kidogo, akafika kwenye episodi ambayo Kongpob ameanza fildi akasimamisha, akaniuliza, "kwani hawa wamegombana? Mbona leo anamwita kaka?" Nikanyamaza maana alikuwa sahihi kabisa, niliyemwandikia huo ugomvi ni mimi.

Nikafuta zote. Kaka zote, mpenzi zote, faili moja baada ya nyingine, nikarudisha phi kila inaposikika, na kwenye episodi ya kwanza, pale Arthit anapotambulishwa kwa wafanyakazi wenzake, nikaweka mstari mmoja juu ya kioo: phi, mtu aliyekutangulia, awe wa kazini, wa nyumbani au wa moyoni. Mdogo wangu akaanza upya. Kufika ile korido hakusimamisha, alicheka kidogo tu akaziba mdomo, kama mtu aliyejua kitu ambacho wale wengine mle ofisini hawajui.