Je, wajua kwa nini umeme wa shilingi 10,000 humpa jirani uniti 77 na wewe 28?

Chukua nyumba mbili za Nkuhungu au Chang'ombe, hapa Dodoma, zinazopokea umeme kutoka nguzo moja. Tarehe 1 ya mwezi kila nyumba inanunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya 10,000. Huku zinaingia uniti 77, kule 28.1. Hapo ndipo maneno huanza: mita mbovu, mita mpya zinakimbia, tunaibiwa. Na mtu akishaamini kwamba anaibiwa, haoni tena sababu ya kulipa. Kishoka wa kumuunganishia umeme nje ya mita hakosekani mtaani.

Kuilaumu mita ni kosa ambalo karibu kila mtu amewahi kulifanya. Mita haijui shilingi. Haijui bei, haijui kodi, haijui deni.

Fikiria ghala la mtama. Unalipa dirishani, karani anapiga hesabu, anakata ushuru, kisha anakuandikia kikaratasi: "Mpe debe 3." Mtunza ghala anapokea kikaratasi, anapima debe 3, basi. Hajui umelipa kiasi gani, wala kwa nini mwenzako kaandikiwa debe 8. Zile namba 20 unazobonyeza ndizo kikaratasi hicho. Zimebeba idadi ya uniti na muda zilipotolewa, na zimefungwa kwa ufunguo wa mita yako peke yake. Ndiyo maana hazikubali kwa jirani, na hazikubali mara ya pili. Muda huo huhesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi iliyotengwa inatosha dakika 16,777,216 tu. Nafasi hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Kwa sababu hiyo wateja walitumiwa mafungu matatu ya namba 20: mawili ya kubadili ufunguo, la tatu la umeme wenyewe. Zoezi lile halikugusa bei.

Kwa hiyo ugomvi wa uniti humalizwa dirishani kwa karani, yaani kwenye ujumbe wa malipo unaoingia kwenye simu. Usome wote, usiishie kwenye namba za kubonyeza. Kwa viwango vilivyoanza 2016, mteja wa kundi la T1, la watumiaji wa kawaida, anayelipa 10,000 ataona hivi: umeme 8,196.72, VAT asilimia 18 ni 1,475.41, tozo ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 1 ni 81.97, tozo ya REA, wakala wa umeme vijijini, asilimia 3 ni 245.90. Gawa 8,196.72 kwa bei ya 292, unapata uniti 28.1. Hakuna kilichopotea.

Jirani yuko D1, kundi la watumiaji wadogo. Uniti zake 75 za kwanza kila mwezi ni shilingi 100 kila moja, na makato yakijumlishwa inakuwa 122; zote 75 ni 9,150. Inayobaki, 850, inanunua kwa bei ya juu, 350 kabla ya makato na 427 baada yake, hivyo anaongezewa karibu uniti 2. Wengi hudhani ukivuka 75, uniti zote hupanda bei. Si kweli, hupanda zile za ziada tu. Ila anayevuka mwezi baada ya mwezi huhamishiwa T1, na huko kila uniti, kuanzia ya kwanza, ni 356.

Kuna pia kodi ya jengo, ambayo hesabu za hapo juu zimeiacha kando, inayokatwa kwenye LUKU tangu Agosti 2021. Kwa nyumba ya kawaida ilikuwa 1,000 kwa mwezi, ikawa 1,500 mwaka 2023. Hukatwa manunuzi ya kwanza ya mwezi, na usiponunua miezi mitatu utakuta 4,500 inakusubiri. Kisheria ni deni la mwenye nyumba, hata kama anayebonyeza namba ni mpangaji.

Lakini malalamiko makubwa yana msingi, na yako kwenye nyumba za vyumba vya kupanga, ambazo Dodoma imejaa. Vyumba sita, mita moja. Kila mpangaji ana taa tatu, televisheni na chaja, tuseme uniti 25 kwa mwezi. Kila mmoja ni mtumiaji mdogo kabisa. Mita lakini inaona uniti 150, kwa hiyo iko T1: shilingi 53,436. Kila chumba kingekuwa na mita yake ya D1, jumla ingekuwa 18,300. Punguzo lililokusudiwa kwa mwenye kipato kidogo linampita mlangoni kwa sababu amebanana na wenzake. Mita ndogo za ndani anazofunga mwenye nyumba husaidia kugawana gharama kwa haki, ila bei haibadiliki hata kidogo. Na kuunganisha mita ya mjini, ndani ya umbali wa mita 30 kutoka kwenye nguzo, kumekuwa 320,960 tangu Januari 2022. Mita sita ni 1,925,760 bila kuhesabu kutenganisha waya. Anayetoa fedha hiyo ni mwenye nyumba, anayepata nafuu ni mpangaji. Ndipo inapokwama.

Ukiendelea kuishuku mita, ipime. Usoni imeandikwa 1000 au 1600 imp/kWh: ndiyo idadi ya mara ambazo taa yake ndogo nyekundu humweta, yaani huwaka na kuzimika, kwa kila uniti moja. Zima meinswichi. Taa hiyo ikiendelea kumweta, kuna waya umechomekwa kati ya mita na meinswichi, au mita ina hitilafu, toa taarifa. Ikitulia, washa jagi la kuchemshia maji la wati 2,000 peke yake. Mita ya 1000 imwete mara 33 hivi kwa dakika, ya 1600 mara 53. Usipime kwa pasi, maana hujikata ikishapata moto. Umeme ukiwa mdogo, volti 200 badala ya 230, jagi lenyewe hushuka hadi wati 1,500, na mimweto hupungua hadi 25 au 40. Mimweto ikizidi mno, hapo una hoja. Lakiri usiiguse: mita nyingi zikifunguliwa mfuniko hujifunga, na hazirudi bila namba maalumu kutoka TANESCO.

Mwenye nyumba anayeongeza mita aangalie ujumbe wa malipo wa kila mojawapo mwezi wa kwanza. Jengo ni moja, hivyo kodi ya jengo ikatwe kwenye mita moja. Ikitokea kwenye mbili, apeleke namba za mita zote ofisini ziunganishwe na jengo hilo hilo kabla deni halijalimbikizana.