Madaktari wakigoma, wodini kunakwama nini?

Dhana: Mgomo ukianza, hospitali imefungwa.

Haijafungwa. Wauguzi, wakunga, wataalamu wa maabara na wafamasia wapo zamu. Mjamzito asiye na tatizo huzalishwa na mkunga hata siku za kawaida. Kinachokwama ni uamuzi: majibu ya maabara yanatoka, hakuna wa kuyasoma na kubadili dawa. Aliyepata nafuu anabaki kitandani kwa kukosa wa kumwandikia ruhusa, na anayesubiri kulazwa anakosa kitanda.

Dhana: Mabingwa wakibaki kazini, intani (daktari aliyemaliza chuo, aliye kwenye mafunzo ya kazini) si kitu.

Mgomo wa Januari 2012 ulianzia kwa intani wa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, na wengi waliwachukulia kama wanafunzi tu. Intani ndiye anayetoa damu alfajiri, anayejaza faili, anayeamshwa usiku mgonjwa akibadilika. Akiondoka, bingwa anashuka kufanya kazi hizo na kliniki yake inasimama. Upasuaji wa kupangwa, kama ngiri na tezi dume, unaahirishwa kwanza ili chumba kibaki kwa dharura.

Dhana: Mgomo ukiisha, kesho yake mambo sawa.

Hii ndiyo inayoumiza watu zaidi. Aliyeahirishiwa upasuaji haendi moja kwa moja mezani. Wingi wa damu unapimwa upya. Kwa mjamzito au aliyeongezewa damu karibuni, sampuli ya kulinganisha damu yake na ya mchangiaji hutumika saa 72 tu, kisha inachukuliwa nyingine. Damu nzima hukaa kwenye jokofu siku 35 kwa kawaida, hivyo chupa waliyochangia ndugu mwanzoni mwa mgomo mrefu inaweza kuwa imekwisha muda. Na wagonjwa wapya nao wanaingia kila siku.

Dhana: Madaktari walipogoma Los Angeles, Marekani, vifo vilipungua, kwa hiyo mgomo hauna madhara.

Ni kweli vilipungua mwaka 1976, kwa sababu upasuaji usio wa haraka uliahirishwa, uliporejea, vikapanda. Lakini kule dharura ziliendelea kuhudumiwa. Mgonjwa wa Mpwapwa au Kondoa aliyeandikiwa rufaa ya Dodoma mjini ana safari ndefu, na akikuta hakuna wa kumpasua amepoteza saa ambazo hazirudi. Kabla gari halijaondoka, ndugu wakiombe kituo kipige simu kwenye idara itakayompokea, si mapokezi, na kuuliza mambo matatu: daktari wa zamu yupo, chumba cha upasuaji kina mtoa usingizi, damu ya kundi lake ipo.