Unga wa Metali Ukiwaka, Usikimbilie Maji

Tarehe 29 Desemba 2009, zimamoto wa kujitolea wa St. Anna, jimbo la Wisconsin, Marekani, waliitwa kuzima kontena la taka lililokuwa likiwaka nje ya kiwanda cha kusubu alumini. Moto wa nje, wa takataka. Wakamwaga maji, kisha povu. Kontena likalipuka. Mwenzao mmoja akafariki, wengine wanane wakajeruhiwa. Ndani mlikuwa na mabaki ya alumini.

Kazi yangu ni kufundisha namna ya kukabili ajali za kemikali hatari, na kisa hiki hukitanguliza kila mara. Wale watu walifanya kile ambacho karibu kila askari wa zimamoto angefanya akiona kontena linawaka. Ndiyo maana nasema mafunzo ya moto wa metali ni, kwanza kabisa, mafunzo ya kuuzuia mkono usifanye ulichouzoesha.

Alumini, magnesiamu, titaniamu na zirkoniamu zina uchu mkubwa wa oksijeni. Zikiwa zinawaka halafu zikakutana na maji, huyavunja: huchukua oksijeni na kuiacha haidrojeni, nayo haidrojeni inazaliwa katikati ya moto. Hapo ndipo mlipuko unapotoka, pamoja na mvuke unaofumuka ghafla na kurusha metali inayowaka huku na huko. Moto wa magnesiamu hufikia takriban nyuzi 3,000 za Selsiasi. Ukiupulizia kaboni dioksidi, magnesiamu huipokonya gesi hiyo oksijeni yake, huacha kaboni nyeusi, na kuendelea kuwaka. Hata naitrojeni ya hewani huungana nayo. Mtungi wa kawaida wa kuzimia moto kwa unga, ule uliotundikwa karibu kila ofisi, haukutengenezwa kwa moto huu, na msukumo wake una ubaya mwingine: unatimua unga wa metali.

Hilo la kutimua unga ndilo watu huwa wanalisahau. Unga uliotulia sakafuni huwaka polepole, lakini unga uleule ukiwa wingu hewani huwaka wote kwa mara moja. Huko Gallatin, jimbo la Tennessee, Marekani, kiwanda kimoja cha unga wa chuma kilipata ajali tatu mwaka 2011 na watu watano wakafa. Ni chuma, hiki hiki cha kawaida ambacho hakuna anayekiogopa! Mwezi Januari mafundi walikuwa wakikagua mtambo wa kupandisha unga. Mota ilipowashwa tena, mtikisiko ukatoa vumbi, vumbi likashika moto. Mwezi Mei haidrojeni iliyovuja kutoka kwenye bomba ililipuka, na mshindo wake ukaangusha vumbi lililokuwa limelala juu ya maboriti. Likashuka likiwaka.

Kwa hiyo ukifika eneo la tukio, uliza kabla ya kutandaza mipira ya maji: hapa wanatengeneza nini, wanakereza nini, wanapiga msasa nini? Tazama lebo kwenye mapipa. Unga wa alumini usiopakwa kinga una namba ya UN (namba ya Umoja wa Mataifa ya kutambulisha bidhaa hatari) 1396, wa magnesiamu 1418. Mwanga mweupe unaoumiza macho ni dalili nzito, na usiukazie macho. Ondoa watu, kaa upande upepo unakotoka, usiruhusu mtu kufungua milango ovyo na kuingiza upepo. Ikiwa moto uko ndani ya mtambo wa kufyonza vumbi, usiufungue kuchungulia. Hewa mpya na mtikisiko vikiingia pale kwa pamoja, vumbi lote la ndani hugeuka wingu.

Moto mdogo wa lundo hufunikwa. Iko mitungi maalumu ya daraja la D, yaani ya moto wa metali, mingi ikiwa na unga wa chumvi, na upo pia unga wa grafiti na wa shaba. Chumvi huyeyuka juu ya metali na kufanya ukoko unaoizuia hewa. Imwage taratibu: zungushia kingo kwanza, kisha funika kuja katikati, kwa sepetu la mpini mrefu au mtungi wenye mdomo wa kutoa unga kwa upole. Moto ukiwa mkubwa kuliko akiba uliyonayo, rudi nyuma, linda majengo ya jirani, uache uishe wenyewe. Najua uamuzi huo unauma mbele ya mwenye mali na umati uliokusanyika. Bado ni uamuzi sahihi.

Mchanga unafaa pia, lakini uwe mkavu kwelikweli. Hapa ndipo ninapopata wasiwasi na zile ndoo nyekundu za mchanga tunazoziona kwenye vituo vya mafuta na gereji zetu, wazi juani na mvuani. Kwa petroli iliyomwagika zinasaidia. Kwa magnesiamu, mchanga ulionyeshewa masika yote ni maji yaliyojificha. Fundi anayekereza rimu au kusubu sufuria za alumini aweke mchanga wake ndani, kwenye chombo chenye kifuniko.

Unyevu peke yake unatosha kuleta balaa, hata kabla ya cheche yoyote. Huko Kunshan, China, tarehe 2 Agosti 2014, kiwanda cha kung'arisha rimu za magari kililipuka. Kufikia mwisho wa mwaka waliokufa walikuwa 146. Uchunguzi ulieleza kuwa vumbi la alumini kwenye pipa la mtambo wa kufyonza lilipata unyevu, likajipasha joto lenyewe hadi likawaka. Kwa hiyo hata unga uliomwagika bila kuwaka ufunike kwa turubai ubaki mkavu. Zima injini na vyanzo vya cheche, usipulize kwa kompresa, usitumie mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi. Zoa kwa brashi laini na vifaa visivyotoa cheche.

Aliyepatwa na unga mwilini, mpanguse upesi ukiwa mkavu, mvue nguo, ndipo umwoshe kwa maji mengi yanayotiririka.

Baada ya mwanga kufifia, usivunje ukoko kuangalia kama moto umekufa. Chini yake joto linaweza kudumu kwa saa nyingi. Tumia kamera ya joto, weka mlinzi, subiri. Majivu yake nayo yasioshwe kwa mpira wa maji: yanaweza kuwa na metali ambayo haijaungua, na mabaki ya magnesiamu iliyoungana na naitrojeni hutoa amonia yakilowa. Yakishapoa kabisa, yazolewe yakiwa makavu, yahifadhiwe kwenye chombo cha chuma kikavu, mbali na jengo, hadi mtaalamu wa taka hatari ayachukue.